Mota Iliyozunguka Bila Mkanda

Siku ya kuniaga mlinipa kitenge, mkanikatia keki, na mkuu wa chuo akataja vyeo nilivyopitia hadi mimi mwenyewe nikaanza kusinzia. Vyeo hivyo sitavirudia hapa. Mwenzenu mmoja, yule mwalimu mgeni atakayeshika karakana niliyoiacha, alinifuata mlangoni akaniuliza ni siku gani kazini iliyonitisha kuliko zote. Nikamwambia nitamwandikia, maana jibu lenyewe si la kusimuliwa mtu akiwa na sahani ya pilau mkononi. Nawaandikia wote mnaofundisha useremala, kwa sababu siku hiyo haikutokea kwenye karakana yetu. Ilitokea uani kwa watu, kati ya jiko na kamba ya kuanikia nguo.

Nianze na Iringa, maana ndiko nilikofundishwa kuogopa mashine inavyostahili.

Mimi ni mzaliwa wa Kihesa. Nilipoajiriwa kuwa msaidizi wa karakana katika chuo kimoja cha ufundi pale mjini, nilikuwa mwanamke peke yangu kati ya mashine, na mafundi wengi walidhani nimeletwa kufagia. Mzee Mgaya, aliyekuwa mkubwa wa karakana, hakudhani chochote. Asubuhi ya kwanza alinisalimu kwa Kihehe, akaniuliza kama nimekunywa chai, kisha akanisimamisha mbele ya msumeno wa meza. Ni mashine ambayo diski yake yenye meno huchomoza katikati ya meza ya chuma, na mbao husukumwa kuipitia. Akawasha, akazima, akaniambia niitazame diski.

"Imezimwa?" akauliza.

"Imezimwa."

"Imesimama?"

Ilikuwa bado inazunguka, kimya kabisa, kama haina habari kwamba imezimwa.

"Na mkono wako uko wapi?"

Nikautazama. Ulikuwa tayari juu ya meza unapangusa unga wa mbao. Mpaka leo sikumbuki niliuweka pale saa ngapi.

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Hakuwa mtu wa hotuba. Glovu alituruhusu kubebea mbao tu. Tukikaribia diski alitaka mikono mitupu, kwa kuwa glovu ikinaswa huenda na mkono mzima. Alitukataza kusimama nyuma ya mbao tunayopasua, tusimame pembeni, na hakutueleza sababu. Sababu ilijieleza yenyewe. Kipande cha mkaratusi kilibanwa na diski, kikarudi kwa kasi, kikapita mahali ambapo tumbo la fundi mwenzetu lingekuwa, kikatoka na kioo cha dirisha. Fundi yule alienda kukaa nje mpaka jioni. Mzee Mgaya akatupa fagio tuzoe vioo, na hakuna aliyeuliza tena.

Baadaye nilihamishiwa Mbeya, nikawa mwalimu. Kwa miaka mingi nilifundisha ndani ya karakana yenye madirisha makubwa, swichi nyekundu kila ukutani, na mstari wa njano sakafuni ambao mwanafunzi havuki bila ruhusa. Nilijiona nimemaliza kazi. Kisha chuo kikaanza kututuma kuwatembelea vijana waliohitimu, tuone wanavyoendelea, na hapo ndipo nikagundua kwamba tulikuwa tunawafundisha kufanya kazi mahali ambapo wengi wao hawatafika kamwe. Hawakuwa viwandani. Walikuwa nyumbani. Karakana ilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, kuku wanapita chini ya mashine, kopo la vanishi liko hatua chache kutoka kwenye moto wa ugali. Mstari wa njano ungeuchora wapi, wakati mashine yenyewe imekaa njiani kuelekea chooni?

Mmoja wa vijana hao alikuwa Ezekia, tuliyezoea kumwita Eze. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwafundisha. Aliishi mtaa wa Soweto, hapo hapo Mbeya, na mkewe, Tumaini, na uani kwao alikuwa na msumeno wa meza aliochomelewa na mafundi wa mtaani: meza ya chuma, mota ya mtumba chini yake, na mkanda mnene wa mpira uliotoka kwenye puli ya mota, kigurudumu chake, kwenda kwenye puli ya diski. Chini ya diski aliweka boksi la bati lililokusanya unga wa mbao, lenye uwazi mwembamba upande wa nyuma. Unga ule haukutupwa. Tumaini aliushindilia kwenye debe akapikia, kama wanavyofanya akina mama wengi wa huku ambao waume zao ni maseremala.

Nilipowatembelea mara ya kwanza niliisifia kazi. Alikuwa ametengeneza mlango wa stoo kwa mninga, mzito, wenye bawaba tatu, na nilimwambia ni mlango wa kufungia benki. Kisha nikamuuliza swichi ya mashine iko wapi.

"Iliungua, mwalimu. Nimeunga nyaya moja kwa moja. Nawashia kwenye meinswichi."

"Meinswichi iko wapi?"

"Stoo."

"Ukinaswa utamwomba msumeno ukusubiri uende stoo?"

Akacheka kwa adabu. "Nitaweka swichi, mwalimu. Niache nimalize vitanda hivi."

Waya wenyewe aliupitisha vizuri sana, ndani ya bomba la chuma lililofukiwa kwenye saruji, kutoka ukuta wa stoo hadi ndani ya mota. Panya wasingeutafuna na mtu asingejikwaa. Nilimsifia hilo pia.

Niliporudi safari ya pili, nikiwa karibu kustaafu, ilikuwa mchana wa baridi na mtaa mzima haukuwa na umeme. Ulikatika tangu jana yake jioni. Nilipiga hodi getini, sauti ya Tumaini ikaitika kutoka nyuma.

"Karibu, mwalimu. Pita tu huku. Leo utanisamehe, siwezi kuinuka."

Nilimkuta amelala ubavu kwenye saruji, shavu limegusa sakafu, mkono wa kulia umeingia kwenye boksi la msumeno mpaka begani. Pembeni yake kulikuwa na beseni lililojaa unga nusu.

"Sweta limenasa," akasema. "Kulikuwa na unga umeganda huko ndani, nikaunyofoa, sasa hili sweta limeshika kwenye meno. Nikivuta, diski inazunguka kidogo inanichoma. Eze akirudi atanitoa. Au wewe utaweza."

Alisema kwa utulivu, kama mtu aliyefungiwa nje anayesubiri ufunguo. Nikapiga magoti, nikatazama kupitia uwazi ule. Kulikuwa na giza. Niliona sufu nyekundu ya sweta imejiviringisha kwenye meno, na chini yake ngozi yenye michirizi ya damu. Mkono wangu haukuweza kupita. Kumvua sweta hakukuwezekana, kwa sababu kitu chenyewe kilichokaba ule uwazi kilikuwa bega lake.

"Eze yuko wapi?"

"Chunya. Kapeleka vitanda. Ametoka alfajiri."

"Na stoo?"

"Amefunga. Vibaka hawa, mwalimu."

Nikatoa simu nikampigia, nikasogea mbali kidogo. Aliitika haraka, nyuma yake nikasikia gari.

"Eze, jana umeme ulipokatika ulikuwa unafanya nini?"

"Napasua mbao, mwalimu. Ulikatika katikati ya ubao."

"Ukaenda kuzima meinswichi?"

"Kuzima?"

"Eze. Ulizima?"

"Mashine ilisimama yenyewe, mwalimu. Nikafunga stoo nikaenda kuoga. Kwani kuna nini?"

"Ufunguo uko wapi?"

"Ninao hapa mfukoni."

Nilikata simu. Nilipogeuka, Tumaini alikuwa ananitazama kwa jicho lile moja lililokuwa juu, na nikajua amesikia yote.

"Haijazimwa," akasema.

"Hakuizima. Umeme ukirudi, itawaka."

"Mwalimu, nitoe."

Niwaambie nilichowaza, kwa sababu ndicho mnachotakiwa kukibeba. Mlango wa stoo nilijua ubora wake. Mita ya umeme ilikuwa juu ya nguzo barabarani. Waya ulikuwa ndani ya chuma na saruji. Kukwamisha diski kwa kabari ya mbao kutokea juu ya meza kungeisukuma kwanza, na kuisukuma kulikuwa kumkata. Kuirudisha diski nyuma kwa mkono, ikiwa bado imefungwa na mota nzito, kungekuja kwa mishtuko, na kila mshtuko ungemkata. Kulegeza mota kulihitaji spana, na spana zilikuwa stoo. Kila kitu ambacho Eze alikifanya vizuri kilikuwa kimesimama kati yangu na mkono wa mkewe. Kilichobaki wazi ni mkanda tu. Kuuondoa kwa kawaida ni kuzungusha puli huku unauchopoa, lakini puli ikizunguka, diski nayo inazunguka. Kwa hiyo mkanda ulipaswa kukatwa mahali ulipo, bila kusogea.

"Kisu chako kikali kiko wapi?"

"Jikoni, kwenye sinia la mboga."

Kilikuwa kisu cha mpini wa plastiki chenye mabaki ya chainizi. Nikachuchumaa upande wa mota, nikaushika mkanda kwa mkono wa kushoto ili usisogee, nikaanza kukata. Mkanda wa mashine si mpira mtupu. Ndani una nyuzi zilizosokotwa, na kisu cha mboga huteleza juu yake. Nilibonyeza zaidi.

"Imesogea, mwalimu," Tumaini akasema.

Nikalegeza. Nikaanza upya, kidogo kidogo, kama mtu anayekata uzi wa kidonda. Vidole vyangu vya kushoto vilikuwa karibu sana na puli, kiasi kwamba niliacha kuvitazama. Umeme ukirudi wakati ule, tungekuwa wawili.

"Ongea na mimi," nikamwambia.

"Niongee nini?"

"Chochote. Leo unapika nini?"

"Makande. Maharage niliyaloweka jana." Akavuta pumzi. "Mwalimu, nikikatika mkono nitapikaje makande?"

Nyuzi za kwanza zilikatika, nikazihisi kwenye mpini. Nikahamisha kisu, nikaendelea.

Ndipo huko bondeni mashine ya kusaga ikaanza kunguruma.

Sote wawili tuliisikia. Kisha redio ikaanza, kisha nyingine, zote za mtaa wa chini.

"Umerudi huko chini," Tumaini akasema kwa sauti ndogo. "Huku kwetu huwa unachelewa kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu."

Nilikata. Jasho liliniingia machoni na sikuwa na mkono wa kulifuta. Niliusikia mkanda ukilegea, nikajua umebaki uzi mmoja au mbili, na hapo nilifanya jambo ambalo Mzee Mgaya angenifukuza karakanani kwa kulifanya: nilikunja mkanda kwa kushoto na kuupiga kisu kwa nguvu zangu zote. Ukaachia. Niliuvuta kutoka kwenye puli zote mbili, nikautupa uani. Mbele ya mlango wa jiko kuku walitawanyika.

"Usisogee," nikamwambia. "Nakuja upande wako."

Nilikuwa nimefika kwenye kona ya meza mota ilipowaka.

Ilinguruma kama ilivyonguruma siku zote, puli yake ikizunguka mpaka huioni, na juu yake diski ilikuwa imetulia, haina habari. Tumaini hakupiga kelele. Aliitazama ile puli iliyokuwa karibu na miguu yake, akaitazama muda mrefu, kisha akafumba macho.

Nikashika diski kwa juu, sasa ikiwa huru, nikairudisha nyuma taratibu. Jino moja likaachia sufu, kisha lingine. "Sasa vuta," nikasema. Mkono ukatoka. Ulikuwa na mikwaruzo mitatu kutoka kiwiko kuelekea kiganjani, mmoja umeingia kidogo. Tuliuosha kwa maji ya ndoo na sabuni, nikaufunga kwa kanga, nikamsihi twende zahanati. Akasema haendi popote mpaka mume wake arudi akute hali ilivyo.

Na hali ilikuwa hivi: mota ilikuwa inazunguka na hakuna wa kuizima. Tulikaa kwenye mbao za paina tukiitazama. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza Eze amerudi, mbona anafanya kazi. Tumaini akamjibu hajarudi. Jirani akasubiri maelezo, hakupata, akashuka.

Eze alipiga simu akiwa njiani. Tumaini aliweka sauti ya nje.

"Nasikia mashine," Eze akasema. "Nani anapasua?"

"Hakuna."

"Sasa mbona nasikia mashine?"

"Njoo uizime," Tumaini akasema, akakata.

Alifika jua likiwa limeinama, amejaa vumbi la Chunya mpaka kwenye kope. Alipita mbele yetu bila salamu, akafungua stoo, na ule mngurumo ukashuka, ukafa. Nilikuwa nimeuzoea kiasi kwamba ukimya uliniumiza masikio. Akatoka, akauona mkanda chini.

"Nani kakata mkanda?"

"Mimi," nikasema.

Aliuokota, akaupima kwa macho, na nilimwona anataka kusema jambo kuhusu kazi aliyoahidi watu. Tumaini akafungua kanga, akanyoosha mkono. Pale pale Eze alitazama mkono, akatazama boksi la bati, akatazama beseni. Mkanda ukamdondoka. Alikaa chini kwenye saruji, akashika kichwa, wala hakuomba msamaha. Mimi nikamchukua Tumaini tukaenda zahanati, akashonwa ule mkwaruzo mmoja.

Nilirudi mwisho wa wiki ile na Eze tukaifanya kazi pamoja. Tulifunga swichi yenye vitufe viwili, kijani na chekundu, ya aina ile ambayo umeme ukikatika hujiachia yenyewe, na ukirudi mashine inabaki imelala mpaka mtu abonyeze kijani. Tukaukata waya ulioingia kwenye mota, tukaweka plagi inayoonekana na kuchomolewa pale pale penye mashine. Chini ya diski tukafunga bati la mteremko, unga uteleze wenyewe kwenye beseni lililoko nje. Tukafunga na kava la mkanda. Eze alifanya kila kitu bila kuinua uso. Hakunitania hata mara moja, yeye aliyekuwa akinitania tangu darasani.

Tulipomaliza nikapima swichi mbele yake, nikamwambia iko sawa. Tumaini alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko muda wote, amekunja mikono juu ya ile bandeji.

"Mwalimu amekagua," akasema. "Sasa mimi."

Akaja, akachomoa plagi. Mimi nilimwona. Eze alikuwa ameinama anakusanya misumari, hakumwona. Kisha Tumaini akalegeza bati la mteremko kwa mkono wake mzima, akaliweka kando, na ule uwazi mwembamba ukabaki mtupu.

"Lala," akamwambia mumewe.

"Nilale?"

"Lala pale nilipolala. Ingiza mkono."

Eze alinitazama mimi. Nilijishughulisha na kufunga mkoba wangu. Akalala ubavu kwenye saruji, shavu chini, uso umeelekea ukutani, akaingiza mkono wa kulia mpaka begani. Tumaini akaenda kusimama karibu na vitufe, plagi ameishika nyuma ya mgongo. Kwa jirani redio ilikuwa inaimba, kwa hiyo umeme ulikuwepo, na Eze alijua.

"Tumaini," akasema baada ya muda. "Umechomoa?"

Mkewe aliikaza plagi mkononi.

"Tumaini."

Hakuna kilichomnasa. Alivaa fulana ya mikono mifupi. Angeweza kuutoa mkono wakati wowote. Niliona vidole vya mkono wa kushoto vinavyokwaruza saruji, lakini mkono wa kulia hakuutoa. Aliuacha mle ndani, akasubiri. Redio ikamaliza wimbo, ikaanza mwingine.

Tumaini akazunguka meza, akachuchumaa upande wa ukuta, akaiweka plagi sakafuni mbele ya macho ya mumewe. Eze aliitazama, akafumba macho.

"Inuka," akamwambia. "Chai inapoa, na mwalimu ana safari."